Glasi Iliyojaa Pomoni

Jianbo, nimemfukuza baba yangu. Mimi! Kwa chai!

Ametokea leo mchana, miaka sita tangu atuache, na begi dogo mkononi. Nikatoa chai ya kijani, ile tuliyochuma mimi na wewe kabla ya Qingming, sikukuu ya kusafisha makaburi. Maji yalipochemka nikayaacha yapoe kidogo, yasiunguze majani. Nikayalowesha kwanza, nikasubiri yafunguke. Hapo nilikuwa bingwa, bwana!

Kisha akasema, "Umekua, mwanangu." Nikamkodolea macho yeye badala ya glasi. Nikamimina, nikamimina, glasi ikajaa pomoni.

Pomoni, Jianbo! Hata mtoto wa chekechea anajua mgeni hamiminiwi chai hadi ukingoni. Ni kumwambia aondoke.

Akaitazama. "Nimeelewa," akasema. "Una haki." Akanywa funda moja, akachukua begi.

Na mdomo huu, unaofukuzwa darasani kila wiki kwa kelele, ukaanza kueleza wakati mlango umeshafungwa.

Nilipokimbilia kituoni, basi lilikuwa limeshaondoka. Namba yake sina.

Nimerudi nikamimina nyingine, nikaishia mbali na ukingo. Safari hii ungenipa kumi kwa kumi. Iko mezani mbele ya kiti chake, na inapoa.