Miaka Sabini ya Mama na Wimbo Mmoja wa Dunia

Jumapili jioni, Ruiru. Baridi ya Julai haina huruma. Mawingu yameinama tangu asubuhi na nguo nilizoanika Alhamisi bado hazijakauka. Sauti imenipotea kwa kuimba, magoti yananiuma, na bado nina furaha kiasi kwamba nimemsimulia mambo ya jana hata mlinzi wa geti, maskini, ambaye alikuwa ameuliza tu kama nimerudi salama.

Tumeshinda.

Wacha nianze mwanzo, maana nikianza na ushindi nitaandika vigelegele ukurasa mzima. Jana tulimfanyia Mama sherehe ya kutimiza miaka sabini, nyumbani kwao Thika. Mimi ndiye kifungua mimba, na ndiye mwenye mdomo, kwa hivyo nilijipa kazi ya muziki kabla mtu mwingine hajaitaka. Ndugu yangu Njoroge akabaki na tenti, viti na mbuzi. Sikumwonea wivu. Nyama ikiliwa imekwisha, lakini ukicheza wimbo mbaya kwenye sherehe ya mama yako, shangazi zako watakukumbusha mpaka uzeeke.

Wazo langu lilikuwa rahisi. Tupitie maisha ya Mama kwa nyimbo zilizopendwa, muongo mmoja baada ya mwingine, na watu wa nyumbani wagawane miongo hiyo, kila mmoja alete wimbo anaoupenda kuliko zote. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Kumbe kuuliza watu wimbo wanaoupenda ni kama kuwauliza mtoto wanayempenda. Wote wanaapa hawana, halafu wanataja mmoja bila kupumua.

Njoroge alichukua miaka ya tisini, akaleta muziki wa Kongo, ule wa gitaa linalokimbia mpaka mwisho na mtu mmoja anayepiga kelele katikati kuwaamsha wachezaji. Tuliuimba tukiwa shule ya msingi bila kuelewa neno hata moja. Bado hatuelewi, na bado tunaimba kwa nguvu zote.

Mimi nilichukua miaka ya elfu mbili, sikutaka hata mjadala. Nilikuwa mwanafunzi Juja, nakodi chumba na wasichana wawili, wakati vijana wa Nairobi walipoanza kuimba kwa Sheng mambo tuliyoyaona sisi wenyewe kila siku. Kwa mara ya kwanza niliona mtu anaimba kuhusu mimi. Tulikuwa na redio moja ya kaseti iliyokubali kufungwa kwa kijiko tu, na tulicheza hapo katikati ya vitanda mpaka mwenye nyumba akaja kugonga, halafu akabaki mlangoni anatingisha kichwa.

Miaka ya sitini niliitafutia gitaa kavu, lile la mtu mmoja na chupa ya soda inayokwaruzwa pembeni. Miaka ya themanini nikaweka bendi ya Kiswahili, mwanaume analalamika dakika tisa kuhusu mke ambaye, ukimsikiliza vizuri, hana kosa lolote. Binti yangu Shiro alipewa nyimbo za sasa. Nilimwonya kwamba wazee wa kanisa watakuwepo.

"Mum, relax," akaniambia. "Hii nimechuja. Hata shosho anaweza kuiimba."

Sitaandika hapa maneno ya huo wimbo. Niseme tu kwamba kuchuja kwa Shiro na kuchuja kwangu ni vitu viwili tofauti.

Ikabaki miaka ya sabini, na hiyo ilikuwa ya Mama mwenyewe. Nilimkuta jikoni akichambua mboga za managu. Nilipomuuliza, hakufikiri hata kidogo. Alitaja wimbo mmoja wa Kikuyu ambao mimi sikuwa nimeusikia maishani, wa kijana anayemwomba msichana asikubali kuolewa na mwingine, amsubiri tu mpaka kahawa ya nyumbani kwao ilipwe, apate mahari. Akaniambia ndio wimbo aliocheza na Baba siku walipojuana, kwenye harusi ya binamu yake kule Witeithie. Kisha akaniambia jambo ambalo lilinifanya niache kula karanga.

"Sitaki zawadi, Wambui. Mablanketi ninayo. Nataka nicheze huo wimbo na babako, mara moja tu, watu wakiona."

Hapo ndipo shida ilipo. Baba ni mzee wa kanisa, na si wa jina tu. Alipookoka, sisi tukiwa wadogo, alitoa santuri zake zote nje ya nyumba na kuziacha hapo, na tangu siku hiyo hajacheza wimbo wa dunia. Si mtu mkali. Hajawahi kutukataza redio. Ukiwasha tu nyimbo hizo, anaamka polepole, anachukua kofia, na anakumbuka kazi fulani huko nje. Tumelelewa tukijua kwamba Baba akichukua kofia, mazungumzo yameisha.

Nilimpigia simu hata hivyo. Nimepewa jina la mama yake, kwa hivyo yeye huniita Maitu, yaani mama yangu, na mimi huwa natumia cheo hicho vibaya. Nilimweleza Mama anataka nini.

"Maitu, hiyo ni ya dunia," akasema. "Nyinyi mcheze, sitawazuia. Mimi nitaenda kidogo niangalie ng'ombe."

Nilikasirika. Naandika hapa kwa sababu hapa sidanganyi: nilimkasirikia baba yangu mpaka nikamwona mchoyo. Mwanamke amempikia, amemfulia, amemzalia, amekaa naye kwenye shida zote, anaomba dakika nne za kucheza, na yeye anafikiria ng'ombe! Nilipanga mbinu za kila aina. Nimwambie mchungaji. Nifiche kofia. Mwishowe niliutafuta ule wimbo mtandaoni, nikaupata kwa mtu aliyeurekodi kutoka kwenye santuri yenye mikwaruzo, nikauweka katikati ya nyimbo zangu, nikamwachia Mungu.

Jana ikafika. Kulikuwa na manyunyu asubuhi, nyasi zikawa na utelezi, lakini watu walijaa. Na nyimbo zangu! Sitajifanya mnyenyekevu. Gitaa kavu lilipoanza, wazee walirudisha vikombe vya chai mezani. Wimbo wa Kongo ulimwinua hata shangazi mwenye mguu mbaya. Wimbo wa Shiro ulipigwa, vijana wakajaa uwanjani, na bibi zao, mashosho wenyewe, wakawafuata nyuma wakiiga kila kitu, kutia ndani mambo ambayo hayapaswi kuigwa. Mtu aliyekodishwa kuleta spika aliniuliza kama nafanya kazi hiyo kwa malipo.

Kisha nikaweka wimbo wa Mama.

Mama alisimama. Alikuwa amevaa lile gauni la zambarau tulilomshonea, akatembea mpaka katikati ya tenti, akageuka kumtazama Baba. Na Baba akachukua kofia. Aliinuka taratibu, akampigia Mama saluti ndogo ya kuomba radhi, akaenda kwa ng'ombe.

Sijui kama kuna kitu kibaya kuliko kumwona mama yako amesimama peke yake mbele ya watu wengi, mikono imeshaanza kuinuka. Nilikimbia nikacheza naye mimi. Mama ana tabasamu lake la kweli na jingine la kukaribishia wageni, na huo wimbo wote alinichezea lile la wageni. Nilitaka kulia. Nilitaka pia kwenda zizini nikaseme maneno.

Lakini ilikuwa saa ya keki, na keki haikatwi bila mzee wa boma. Akina mama wa kanisa walijipanga na vitambaa vyao vyeupe kichwani, wakaibeba kutoka ndani ya nyumba, keki ya orofa tatu, huku wakiimba. Mama Kimani, mwenyekiti wao, ambaye amekuwa rafiki ya Mama tangu usichana, ndiye aliyeanzisha pambio. Ni pambio ambalo nimeliimba tangu shule ya Jumapili, la kumngoja Bwana, na kanisani kwetu huimbwa kwa kasi na makofi. Baba alipolisikia akarudi bila kuitwa. Akaweka kofia kwenye kiti, akaingia kwenye mstari nyuma ya Mama, akamshika kiuno, kama watu wote wanavyoshikana wakicheza mugithi, ile ngoma ya kufuatana kama behewa za treni, hata ya kanisani. Njoroge, ambaye haendi sherehe bila gitaa lake, akalichukua akawafuata.

Basi. Nyasi zilikuwa na utelezi, nimeshasema. Wale waliobeba keki waliogopa kuanguka, wakaanza kutembea hatua za mtoto. Njoroge, kwa kuwaonea huruma, akapunguza mwendo wa gitaa. Akapunguza tena. Na pambio lilipokwenda polepole hivyo, niliacha kupiga makofi.

Ulikuwa wimbo wa Mama.

Si kufanana tu. Ulikuwa wenyewe, sauti kwa sauti, wimbo wa kijana na kahawa, umevalishwa maneno ya kanisa. Nimeuimba maisha yangu yote bila kujua. Nilimwangalia Njoroge, naye akaniangalia akiwa amefungua mdomo. Vidole vyake havikusimama.

Mama alikuwa ameshajua. Niliona midomo yake ikiacha maneno ya pambio. Alianza kuimba yale ya zamani, kwanza chinichini, halafu kwa sauti. Mama Kimani akageuka kumtazama, nikajua sasa tutakemewa mbele ya mchungaji. Mama Kimani akasema "Haiya!" na akaingia kwa sauti ya pili. Yule mama mwenyekiti! Wenzake wa rika lao wakafuata, mmoja mmoja, vitambaa vyeupe kichwani, keki mkononi, wanamwomba msichana asiolewe kabla kahawa haijalipwa.

Baba alisimama, na mstari wote nyuma yake ukasimama. Mikono yake ilikuwa bado kiunoni mwa Mama. Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili hakuna aliyeukumbuka, hata Mama, kwa hivyo ikabaki gitaa peke yake, na mimi namtazama Baba anavyoangalia chini, nangoja achukue kofia.

Akakohoa, akaimba ubeti wa pili.

Aliuimba wote. Kwa ile besi yake ya kufundisha kwaya, bila kukosea neno, macho ameyafumba. Kisha akamgeuza Mama wakatazamana, akaukamata mkono wake, wakacheza. Hawakucheza kama wazee wanaohurumiwa na wajukuu. Baba yangu anajua kucheza! Ana miguu! Mama alicheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia, na tabasamu lilikuwa lile la kweli. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika hapo hapo, na Shiro, ambaye hulia kwa nadra kama mamba, alikuwa anajifuta macho na mkono wa sweta.

Gitaa liliponyamaza, Mama Kimani ndiye aliyeuliza swali ambalo lilikuwa mdomoni mwa kila mtu.

"Elder, kumbe hii unaijua?"

"Niijue?" Baba akasema, akitafuta pumzi. "Mnafikiria ni nani alibadilisha maneno? Ni mimi nilifundisha kwaya. Nikiokoka nilitoa santuri zote nje. Lakini huu wimbo ulikataa kutoka kichwani. Nikaona basi, na wenyewe uokoke."

Watu walicheka mpaka tenti ikatikisika. Sisi sote tulidhani pambio lile lililetwa na wahubiri wa mikutano ya uamsho, kutoka mbali huko. Kumbe limetungwa chumbani mwetu, na kila Jumapili ambayo nimekaa kwenye benchi nikisinzia, baba yangu alikuwa anamwimbia Mungu na kumwimbia mke wake kwa pumzi moja.

Mama hakucheka na wengine. Alimchapa Baba begani kwa kitambaa.

"Na ukanyamaza! Mimi kila Jumapili nikitubu, kwa sababu maneno ya zamani yananijia katikati ya ibada!"

Baba akamwangalia. Akamwambia, polepole, kwamba yeye pia. Hapo mimi nikaenda kusimama nyuma ya tenti kidogo, nikalia vizuri.

Nililala Thika. Leo asubuhi kanisani pambio lilipoanzishwa, nusu ya watu walikohoa, na mchungaji akajifanya anatafuta ukurasa. Baba aliimba akiwa amenyooka kama kawaida, uso wa kazi. Mama alikuwa anaona haya kama msichana wa Witeithie.

Kabla sijaondoka, Baba aliniita kando akanipa simu yake. Alitaka nimwekee ule wimbo, ule wa zamani wenyewe wenye mikwaruzo, awe anausikiliza akikamua. Akanionya nisithubutu kuufanya uwe ndio unaolia mtu akimpigia, kwa sababu wazee wenzake humpigia wakati wowote na yeye ana heshima zake.

Nimemtii kwa hao wazee. Wakipiga wao, simu italia kengele ile ile ya siku zote. Akipiga Mama tu, ndio kijana wetu ataanza kuomba asubiriwe.

Kesho saa nne Baba ana kikao cha wazee wa kanisa. Mama ameniahidi atampigia.