Zege la Siku Niliyokuwa Harusini

Idodi, Iringa
Jumatano, 5 Juni 2024

Mjomba Makame mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo mjomba wangu. Barua hii ikukute goti limepoa na unakwenda msikitini kwa miguu yako. Mkeo Bi Mwantumu hajambo? Sisi huku wazima, ila baridi ya mwezi huu inatutia adabu. Mimi moyo ndio haujatulia, na nakuandikia wewe kwa kuwa ndiye uliyenishikisha mwiko wa ujenzi mara ya kwanza.

Harusi ya mdogo wangu Amna kule Uyole, Mbeya, ilifana. Mama alikutafuta kwa macho mpaka pilau inapakuliwa. Lakini harusi hiyohiyo ndiyo iliyoniponza.

Unajua ofisi yetu ya uchoraji pale Iringa ni watu watatu tu. Bosi wangu, Mzee Kalinga, ana sheria moja asiyotaka ijadiliwe: aliyechora jengo ndiye anayeshindilia zege lake kwa mikono yake, na ndiye anayesimama chini siku mirunda iliyolishikilia inapotolewa. Wateja wanamcheka, kisha wanarudi kwake.

Huku Idodi nimechora darasa la chekechea la kikundi cha akina mama. Lina baraza lililofunikwa kwa zege badala ya bati, watoto watakaa hapo kunywa uji. Zege lilipangwa kumwagwa Ijumaa moja mwanzoni mwa Mei, gari la kokoto likachelewa, kazi ikasogea Jumamosi, siku ya harusi. Nikamwambia fundi Sedekia amwage tu, nikapanda basi la Mbeya. Jumatatu iliyofuata nikaandika kwenye daftari la kazi kwamba nilikuwepo. Mjomba, niliandika uongo, tena kwa hati nzuri kabisa.

Leo saa kumi ndiyo mirunda inatolewa. Asubuhi nimepanda juu nikaligonga lile zege kama ulivyonifundisha, na upande wa mlangoni linaitika vibaya, kama debe tupu. Sedekia anasema ni masikio yangu. Naogopa, sikufichi. Lakini kilichonikata maini ni Mzee Kalinga. Kafika kutoka Iringa, kavaa buti zake za kazi, kamsalimia kila mtu "kamwene" kwa Kihehe chake, anasema leo atasimama chini pamoja nami. Ana miaka sabini na mmoja. Anasema hana wasiwasi na mkono wangu.

Naiweka kalamu kwanza. Siwezi kukaa naandika huku yule mzee yuko pale nje anakunywa chai.

Nimerudi. Nimemwambia yote, mbele ya Sedekia. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Aliagiza mirunda ibaki yote, ing'olewe mbao moja tu iliyolikinga zege upande wa mlangoni. Zege kwa chini lilikuwa matundu matupu, nondo zinaonekana. Sedekia akakiri kwamba walishindilia harakaharaka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Ngumi yangu iliingia yote mle ndani. Mzee naye akaingiza yake, akaiacha humo kitambo huku anatazama mahali watoto watakapokaa.

Akaniletea daftari. "Kata mstari hapo, uandike ulikokuwa." Nikaandika: harusini, Uyole.

Tumeanza kuvunja leo hii hii, na nyundo ya kwanza nimepiga mimi. Viganja vimetoka malengelenge, usiishangae hati yangu. Nilijua kazi ndiyo imekwisha, nikamuuliza kama nirudi kwa mama. Akasema nitamwaga upya mwenyewe, ndoo kwa ndoo, na siku ya mirunda atakuja tena na buti zake.

Nisalimie Bi Mwantumu, na Nasri na wanawe. Mungu akupe wepesi wa goti, na mimi anijalie siku hiyo niwe nimestahili kusimama na yule mzee.

Mpwa wako anayekupenda sana,
Ruwaida