Maelezo Kuhusu Sarafu ya Kasa Isiyo na Maandishi

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Mama Sonara, ndivyo wote wanavyoniita. Umri: miaka 52. Kazi: fundi cherehani. Makazi: nyuma ya karakana ya marehemu mume wangu, aliyekuwa sonara.

Afande, habari za kazi? Na hicho kikohozi kimepungua? Mungu akuponye, mwanangu.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, asubuhi, nilifungua kopo la vipande vya fedha alivyoacha marehemu, aliyefariki mwaka jana. Nikakuta sarafu nyeusi, nene kama kifungo cha koti. Upande mmoja ina kasa, wa pili shimo la mraba lisilotokeza ng'ambo. Herufi hakuna hata moja. Nikaisugua kwa magadi mpaka ikang'aa, maana mimi sipeleki kitu kichafu kwa watu.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akacheka: "Shemeji, kasa umemwogesha utadhani anaenda kuposwa!" Akaichukua kwenda makumbusho kuuliza ni ya wapi. Hakurudi. Nikaambiwa yuko mahabusu, kwa kuwa sarafu yao ya aina hiyohiyo iliibwa mwezi uliopita.

Jana, hapa kituoni, mtaalamu wa makumbusho alinieleza. Eti kasa, lile shimo na uzito wake ndivyo vinavyomjulisha kuwa ni ya Wagiriki wa kale. Nikauliza, "Wale wa kwenye maandiko?" Akasema, "Wa kabla yao, mama."

Nikamwonyesha mkato ukingoni. Marehemu kila fedha aliyonunua aliikata kidogo kwa tupa, aone kama ni fedha mpaka ndani. Nikadhani yamekwisha, maana marehemu alikufa kabla ya wizi huo. Kumbe hata watu wa kale walikata hivyohivyo, na ile iliyoibwa nayo ina mkato! "Weusi wa ndani ungetuambia kama mkato ni wa kale au wa juzi," akasema. "Umeusugua wote, mama."

Afande, nimechanganyikiwa. Moyo unaniambia ni mkono wa mume wangu, lakini mbele ya Mungu sijui, na sitaapa nisichokijua. Tupa yake hii hapa, nimeifunga kwenye kitambaa. Mtaalamu aipime kwenye ule mkato. Ikikaa sawasawa, marehemu atakuwa amemsemea mdogo wake.

Ninayoyajua yameishia hapo, nimesomewa, nimekubali. Tafadhali nijibuni mapema, shemeji analala sakafuni.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Afisa: Nimeandika kama alivyosema. Tupa moja imepokelewa na kupelekwa kwa mtaalamu. Shahidi ameambiwa aende nyumbani. Yuko bado kwenye benchi la nje.