Pakiti ya Njano Juu ya Seva

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Chiu Shu-chen
Umri: Miaka 54
Kazi: Msahihishaji, kiwanda cha uchapaji
Makazi: Wilaya ya Mashariki, Tainan

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu, na nimeombwa nisipandishe sauti.

Nimefanya kazi na Lo Wen-hsiang, fundi wetu wa kompyuta, kwa miaka sita. Kumweka ndani kwa sababu ya mtihani wa shule uliovuja kutoka kiwandani kwetu ni uonevu, na naomba neno hilo liandikwe hivyo hivyo.

Wateja hututumia mafaili ya kuchapa kupitia seva aliyoisimamisha yeye. Programu aliyoichagua haina urembo wowote: mteja anaingia kwa neno la siri, anaweka faili lake, anatoka. La mwenzake halioni. Mimi kompyuta sizijui, lakini hiyo naipenda kwa dhati. Haijawahi kutugomea, hata msimu wa uchaguzi tulipozama kwenye mabango.

Mnamo tarehe 3 Machi asubuhi, bosi wetu Kao Ting-wei alikuja na programu nyingine. Hiyo ilikuwa na kila kitu: kurasa za rangi, kufungua kwa simu, linki za kugawia watu.

"Wenzetu wote wanatumia hii," alisema. "Sisi bado tuko enzi za babu."

"Bosi, sisi tunapokea mafaili tu," Wen-hsiang akajibu. "Hayo mengine yote nitayalinda ya nini?"

"Woga huo!"

"Si ndio unaonilipia mshahara, bosi?"

Nilicheka. Bosi hakucheka.

Tarehe 10 Machi Wen-hsiang alikuwa likizo Hualien, anamuuguza mama yake. Nilimwona bosi kwa macho yangu akiweka kompyuta mpya yenye ile programu yake ofisini mwake na kuhamishia mafaili huko, ukiwemo mtihani wa shule tulioletewa kuchapa. Nikamuuliza kama Wen-hsiang anajua.

"Dada Chiu, wewe sahihisha herufi," akaniambia.

Kumbe zile linki zilikuwa wazi kwa yeyote. Siku mbili baadaye mtihani ulikuwa kwenye simu za wanafunzi. Sasa bosi anadai kompyuta ile aliisimamisha Wen-hsiang. Hana haya!

Afande, nenda ukaitazame. Juu yake kuna pakiti ya vitafunio vya mahindi, ya njano. Unajua kama ninavyojua kwamba hapa Taiwan mafundi huweka pakiti ya vitafunio hivyo juu ya mashine ili itulie isigome, na pakiti hiyo ni ya kijani, kama taa ya mashine isiyo na kasoro. Njano ni taa ya hitilafu. Ya Wen-hsiang ni ya kijani, na huibadilisha kabla tarehe yake ya mwisho ya kuliwa haijapita. Bosi nilimsikia akisema kijani zimekwisha dukani, pakiti ni pakiti tu. Wen-hsiang aweke njano juu ya seva? Thubutu!

Kama huniamini, geuka utazame juu ya hiyo kompyuta unayoandikia.

Nimesomewa maneno haya, ni yangu, na sipunguzi hata moja.

Sahihi: Chiu Shu-chen

Maelezo ya afisa: Shahidi alizungumza kwa hasira lakini hakujipinga popote. Nimegeuka. Ni ya kijani. Lo Wen-hsiang aachiwe leo akamwone mama yake. Kao Ting-wei aitwe kuhojiwa. Pakiti ya njano ichukuliwe kama kielelezo, na isiliwe.

Sajini Hsieh Po-han