Mwalimu Aliyetoka Nje Tuliposifiwa

Mwalimu Wilondja,

Hukupenda barua inayoanza na salamu ndefu. Ungechukua kalamu nyekundu ukazikata zote, ukabakiza jina na neno lenyewe. Basi neno lenyewe ni hili: kazi yako wamenipa mimi.

Tangu tukuzike hapa Baraka, mvua zimeanza na kuisha. Baada ya matanga, Padri mkuu wa shule aliniita, akasema vijana wa mwaka wa mwisho wa ualimu wasikose msimamizi. Kila mmoja ana uchunguzi wa kuandika juu ya shule moja, kama sisi ulivyotusimamia, na asipokubaliwa hapewi cheti. Niliitikia haraka, halafu nikafika nyumbani nikaogopa. Kesho yake nilikwenda kukaa kwenye benchi la nyuma darasani, pale ulipokuwa ukikaa magoti yako yakikaribia kidevu. Kumbe ukiwa pale unamwona mwalimu kama mtoto anavyomwona! Miaka yote hiyo nilidhani unapumzisha miguu.

Unakumbuka uchunguzi wangu wa Lubondja? Niliandika, kwa Kifaransa cha kujivunia, kwamba wazazi wa kule hawapendi shule. Ulifika kwenye mstari huo ukaniuliza, "Nani alikuambia?" Ukaendelea, "Ulikula kwa nani? Ulilala kwa nani?" Hukunigombeza. Ulichukua baiskeli yako, tukapanda wote hadi Lubondja, ukaniambia niwasomee wazazi wenyewe kabla Padri hajaona hata ukurasa mmoja. Ukakaa chini katikati yao, ukanisikiliza kama baba wa mtoto. Walinikosoa, wakanicheka, wakatupa ugali wa muhogo. Kazi niliyorudi nayo ndiyo iliyonifanya mwalimu.

Na inspekta wa shule, aliyekuja kupima kazi zetu, alipoikasirikia, ulisimama kabla yangu. "Kama iko kosa, ni yangu. Mi ndiye nilimusimamia." Akaendelea kusoma, sura ikalegea, akaanza kusifu. Nikageuka nikutazame, nawe ulikuwa tayari mlangoni. "Naenda kuangalia kinga yangu," ukasema, kana kwamba mtu angeiba baiskeli kuukuu kama ile. Kila mwanafunzi wako anasimulia habari ya baiskeli hiyo. Lawama ulizipokea wewe, sifa ukatuachia sisi. Sijaona mtu mwingine wa namna hiyo, Mwalimu. Hilo ndilo linaloniliza kuliko yote.

Sasa nikueleze habari ya Asende, mwanafunzi wangu wa kwanza. Ni mtoto wa wavuvi wa hapahapa, maneno machache, kichwa kigumu. Alichunguza kwa nini watoto wa kando ya ziwa wanapotea darasani wiki fulani na kurudi wiki nyingine. Akaona ni mwezi. Usipoonekana, mitumbwi inavua ndakala, wale samaki wadogo, kwa taa, na alfajiri watoto wako mchangani na mama zao, wanaanika samaki. Akaandika kwamba siku hizo za giza shule ianze baadaye kidogo. Padri aliposikia, akaniambia ukurasa huo utoke kabla inspekta hajafika, la sivyo kijana asitarajie cheti.

Niliushika ukurasa huo. Asende ana wadogo wanaomtegemea. Kama ningeutoa, nani angenilaumu? Ningekuwa nawe ningekuuliza. Nikamuuliza yeye swali lako, "Nani alikuambia?" Akanitajia nyumba moja baada ya nyingine: alikokula, alikolala, alikoamka akaanika nao. Basi nikampeleka awasomee. Akina mama walimsikiliza huku wakifukuza kuku kwenye samaki. Mmoja akasema, "Hapo ulisema mambo yetu. Usipunguze kitu." Ukurasa ukabaki.

Inspekta alipoufikia, alipiga meza. Asende akainamisha kichwa. Mimi nilisimama, na Kifaransa chote kikanitoroka. Nikasikia mdomo wangu ukisema maneno yako, kama ulivyoyasema: "Kama iko kosa, ni yangu. Mi ndiye nilimusimamia."  Inspekta akamgeukia Asende, akaanza kumhoji, na kila alipouliza habari imetoka wapi, kijana alikuwa na jibu.

Saa za shule hazijabadilika, nisikudanganye. Padri naye ananiitikia salamu kwa shida. Lakini cheti kimetiwa sahihi, na ukurasa umo ndani.

Pumzika, Baba. Nilikuwa nakuita Mwalimu tu ulipokuwa hai, na sasa najuta sikukuita Baba mapema. Nakuahidi kwamba kila kijana nitakayepewa, kazi yake wataisikia kwanza wale waliomweleza, na atakayetaka kumgombeza ataanza na mimi.

Limebaki jambo moja, nalo sikumwambia mtu. Inspekta alipoanza kumsifu Asende, nilisema naenda kuangalia kinga yangu, nikatoka. Nikasimama nje ya ukuta nikicheka, machozi yananitoka. Wewe unajua vizuri, Mwalimu, kwamba mimi sina baiskeli.

Mwanafunzi wako,
Mmunga