Nilivyomfundisha Mzee Historia ya Bwawa

Ndugu yangu, leo nimejiaibisha, sina hamu.

Nimempeleka baba wa mchumba wangu bwawani kuvua kwa mtumbwi, anione mtu wa maana kabla hajajibu posa. Nikamwaga yote niliyojisomea: mwaka lilipojengwa, kina cha maji, na kwamba zamani palikuwa pori tupu. Pori tupu! Nimelisema mara tatu. Mzee anatazama maji tu.

Mara ndoano ikanasa. Nikapiga kelele, "Baba, huyu ni mkubwa!" Nimevutana naye robo saa, mtumbwi nusura upinduke.

Mzee akatazama kilima cha kulia, akatazama cha kushoto. Akasema polepole, "Mwanangu, huyo si samaki. Huo ni mkwaju wa uani kwetu."

Uani kwao! Kumbe bwawa limefunika kijiji chao, na mimi nimesema pori tupu!

Nikatoa kisu nikate uzi. "Acha kwanza," akasema. Akaushika yeye, kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

Habari za posa sikuthubutu kuuliza. Tulipofika ufukoni akanigeukia: "Jumamosi unirudishe palepale, mkwe. Ndoano uache nyumbani. Na historia nitasimulia mimi."

Umeona alivyoniita?