Siku Walipomlilia Baba Akiwa Hai

Mama,

Tangu tukuzike nina hofu moja, nayo ni kwamba Baba anakufuata. Sijamwambia mtu. Ungekuwepo ungenicheka, ungesema Clarisse ameanza tena na mawazo yake. Hupo wa kunicheka, basi nakuandikia.

Unamjua, hakulia mbele ya watu. Alirudi kutoka makaburini, akavua viatu, akaingia chumbani mwenu, akalala upande wako wa kitanda akiangalia ukuta. Kuanzia hapo alitoka kwenda chooni na kurudi, basi. Nikimpelekea bukari anamega tonge dogo ili kunifurahisha, nyingine anaifunika. Miguu ikaanza kuvimba. Muuguzi wa dispansari alikuja kumpima tansiyo, akakuta damu imepanda, akakunja uso, akaniachia dawa na kuniagiza asichoke wala asishtuke. Asishtuke, hapa Ruashi, ambapo malori ya mgodi yakipita hata vikombe vinagongana kabatini. Kila asubuhi, kabla ya kutia makaa kwenye mbabula ya kupikia, nasimama nje ya pazia la chumba chake nasikiliza kama anapumua. Nikimsikia ndipo miguu yangu inakubali kutembea.

Nikupe pia habari za kilio chako, maana katika mutueli nzima, chama chetu cha kuzikana, ni wewe peke yako ambaye hukukiona. Miaka yote, mwanachama yeyote alipofiwa, wewe na Baba mlitangulia. Familia bado wanapiga mayowe, wewe ulishapita nyuma ya nyumba bila kumwamkia mtu, ukawasha moto na kuteleka maji ya chai. Baba yuko mbele anafunga bashi ya turubai ili watu wapate kivuli, anapanga viti, halafu huyo na wanaume kwenda morgi kuchukua maiti. Hakuna aliyewaajiri wala kuwalipa. Mlikula mwisho, mkiwa mmesimama, kile kilichobaki chini ya sufuria, na nilipokuuliza kwa nini hamkai kama watu wengine, ulinijibu kwamba wa kukaa na kulia ni wafiwa, ninyi mmekwenda kufanya kazi.

Sasa siku yako, Mama, watu walijaa uwanjani na kila mmoja alikuwa anamngoja mtu wa kuwasha moto. Jua lilifika utosini hakuna aliyekunywa chai. Bashi ilifungwa ikalegea upande mmoja, wazee wakawa wanainama kupita. Nikasikia akina mama wa mutueli wakiulizana kwa sauti ya chini vifuniko vya sufuria za mutueli viko wapi, na nikashikwa na kicheko kibaya katikati ya machozi, kwa sababu na mimi nilikuwa nimegeuka kutaka kukuuliza wewe. Baba walikuwa wamemkalisha kwenye mkeka wa wafiwa. Akainuka kwenda kukaza kamba, wakamrudisha. Akainuka tena, wakamrudisha tena. Nadhani ni pale alipoanza kukufuata.

Kumbe wazee wa mutueli nao waliingiwa na aibu. Walikutana, wakasema wamekupa maneno mazuri ukiwa ndani ya sanduku, huna masikio ya kuyasikia, na kosa hilo hawatalirudia kwa Baba. Wataenda kumheshimu akiwa hai. Watafika nyumbani wote, Jumapili baada ya misa, na safari hii yeye ndiye atakayekaa kwenye kiti, wao wamhudumie. Mama Prezidante, kiongozi wao, alikuja mwenyewe kunieleza, uso unamng'aa, akaniomba Baba asijue kitu. Mpaka hapo nilikubali na nikafurahi kwa ajili yako pia. Ndipo akasema kwamba wote watavaa kitenge cha mutueli.

Kitenge kile cha zambarau, Mama. Sheria mliiweka ninyi wenyewe: hakivaliwi sokoni, hakivaliwi kanisani, hakivaliwi kwenye ndoa. Kinatoka ndani siku ya msiba tu. Huku kwetu hata mtoto akiona zambarau hiyo inakata kona, anajua mbele kuna maiti. Nilimwambia Mama Prezidante, polepole, kwa heshima, kwamba avenyu nzima, mtaa wetu wote, itafikiri kuna aliyekufa. Akanishika bega. “Weye Clarisse, mawazo mingi. Siku ya kupatia baba yako heshima tuvale bule bule?”

Nikamsindikiza mpaka barabarani, maana yeye ni mkubwa wangu na nia yake ilikuwa njema. Lakini wiki ile nzima nilihesabu siku za kufika Jumapili. Niliogopa Baba atashtuka. Na niliogopa jambo lingine ambalo niliona haya kulitamka: umati uliovaa nguo za kilio ukisimama mbele ya mtu na kumsifu, je, si kumwonyesha mlango? Kila nikimpelekea Baba dawa nilimwangalia kama mtu mwenye siri mbaya.

Jumapili nilikuwa nyuma, napika sombe ya majani ya muhogo na wale samaki wakavu ambao shangazi alitutumia kutoka Pweto. Nilisikia nyimbo kwa mbali, zinakuja. Yaliyofuata kule mbele nilielezwa baadaye. Jirani yetu Mama Béa alikuwa anaanika nguo. Akaona zambarau inaingia avenyu, na nyuma yake mkokoteni wenye viti na bashi. Hakuuliza. Aliweka mikono kichwani, akapiga ukelele kwamba Papa Donatien ametuacha. Wanawake wa nyumba nyingine wakatoka mbio wakaupokea. Na watu wa mutueli waliposikia vilio vinatoka upande wa kwetu, unajua walifikiri nini? Walifikiri Baba amekata roho sasa hivi, wao wakiwa njiani. Wimbo ukakatika. Mama Prezidante akavua kilemba, akajiangusha vumbini. Wakalia wote kwa pamoja, avenyu ikiamini mutueli ndiyo inayojua, mutueli ikiamini avenyu ndiyo inayojua.

Mimi nilikuwa na mwiko mkononi. Nikasikia wanalia jina la Baba. Sijui nilivyoingia ndani, najua tu kwamba nilifika kwenye pazia na mkono ukakataa kulifungua. Niliwaza: asubuhi alikuwa anapumua, nimemsikia, halafu nikaenda kukaanga vitunguu, naye amekwenda peke yake, hakuna aliyemshika mkono. Nilikuita wewe, Mama. Sikuita mtakatifu yeyote, nilikuita wewe kwa sauti, nikiwa mtu mzima na watoto wangu.

Pazia likafunguka kutoka ndani. Baba alikuwa amesimama, shati amelifunga vifungo vya kupishana, na macho yake yalikuwa yale ya zamani.

“Ni nani alikufa?” akaniuliza.

Nilimgusa kifuani kuhakikisha kama yu moto. Na yeye hakungoja jibu, lini aliwahi kungoja? Alinipita akatoka nje. Alipotokea mlangoni Mama Béa alikimbia mpaka ukutani kwake, wengine wakafanya ishara ya msalaba, na kelele zote zikazimika. Baba hakushangaa kuona watu wamenyamaza. Alienda moja kwa moja kwenye mkokoteni, akatafuta kamba ya bashi. “Mufungie huku,” akawaambia vijana, “jua itazunguka, bamama batachomeka.” Akaanza kupanga viti. Akauliza nani alienda ku morgi. Watu wazima wakaangalia vidole vya miguu yao. Na wengine, nakuapia, walikwenda kufunga kamba kama walivyoagizwa.

Nilimwona anapumua kwa mdomo, jasho linamtiririka shingoni. Nikaelewa kwamba nikizidi kusimama ataendesha kilio chake mwenyewe mpaka aanguke. Nikaenda nikamshika mkono.

“Baba, hakuna muntu alikufa. Bantu bote hii balikuya juu ya weye. Ni heshima balikuletea.”

Aliangalia bashi. Aliangalia vile vitenge, Mama Prezidante na vumbi lake magotini, Mama Béa anachungulia juu ya ukuta. Nilikuwa nimeshatanguliza mguu ili akianguka nimdake. Hakuanguka. Alivuta kiti kilichokuwa karibu, akakaa, akajifuta uso kwa kiganja. “Basi bashi ibakie,” akasema. “Balishalia. Bakule sasa.”

Watu walicheka, Mama, na wengi walikuwa wanalia bado. Mama Prezidante akasoma hotuba. Baba aliisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza habari za jirani, mpaka ilipofika kwenye jina lako. Hapo alisimama, na sisi sote tukasimama, na Mama Prezidante akashindwa kuendelea, karatasi ikasomwa na mtu mwingine. Kisha wakamletea sahani, yeye kabla ya wote. Aliona haya. Aliizungusha zungusha, akaangalia kama kuna mtu ambaye hajapata. Halafu akamega bukari, akachovya, akamega tena, na hakuifunika. Mimi nyuma pale nikasikia njaa, mara ya kwanza tangu uende. Nilikula nikiwa nimesimama na sikujali chakula kimebaki kiasi gani.

Ningependa kukuambia kwamba hofu iliishia hapo.

Leo, Jumatatu, simu yako imeita asubuhi. Naichaji kila siku, usiniulize kwa nini. Watu bado wanapiga kwako kwa sababu ndiyo namba waliyoishika. Alikuwa kijana wa Naviundu, analia mpaka simsikii vizuri: mama yake, yule mwanachama mrefu anayeuza makaa karibu na mto, amefariki. Baba alikuwa uani ananyoa ndevu, jambo ambalo hajalifanya tangu mazishi yako. Alinipa mgongo, hakusikia.

Ningeweza kuzima simu. Ningeweza kumpigia Mama Prezidante kimya kimya, wakaenda wengine, Baba akaja kujua mambo yameshakwisha. Muuguzi alisema asichoke. Na mimi namtaka hai, Mama, sikufichi. Hata akiwa amelala anaangalia ukuta namtaka, ili nikiita mtu ndani ya nyumba hii aitike. Nilisimama na simu, nikamwangalia anavyovuta ngozi ya shavu ili wembe upite. Nilikuwa nimeilinda pumzi yake wiki zote hizi, na mtu mwenyewe nilimwona jana tu, akitafuta ile kamba ya bashi.

Nikamwambia.

Aliifuta sabuni, shavu moja limenyolewa na lingine bado. “Leta bilato byangu.” Viatu havikuingia, kwa uvimbe ule. Nilitoa kamba zote na bado kisigino kilibaki nje, akavikanyaga nyuma akavivaa hivyo hivyo. Nilimpa dawa, akaimeza bila maji ili ninyamaze. Nikamwomba asibebe viti, aelekeze tu, aache vijana wabebe. Akajibu ndiyo, ile ndiyo yake ambayo wewe na mimi tunaijua. Akapanda nyuma ya pikipiki na bashi imekunjwa mapajani, akaondoka bila kugeuka.

Nimekaa kukuandikia kwa sababu hofu bado ninayo, na sitaki wafiwa waione. Yeye amekwenda mbele ya nyumba. Nyuma ya nyumba hakuna mtu, na wanangoja, kama walivyongoja siku yako. Nimetoa kitenge chako. Blauzi inanipwaya kifuani, nimeibana kwa pini. Vifuniko vya sufuria nimevipata, vilikuwa kwenye gunia chini ya kitanda, upande wako, ule aliokuwa analalia Baba. Sijui kama nitaweza kuingia kwa watu bila kumwamkia mtu. Utaniambia kwamba si lazima nijue, nifike kwanza.

Basi pumzika, Mama. Nakwenda, pikipiki nyingine iko mlangoni na kijana wake ameanza kupiga honi. Nakuahidi hivi: Baba akirudi leo nitamwekea maji ya moto aloweke miguu, na sitamgombeza. Na ikiwa siku moja ataanguka chini ya bashi ya watu, sitamruhusu mtu yeyote aseme ni vilio vya wengine vilivyomuua. Nitasema alikuwa kazini. Kisha nitapita nyuma ya nyumba, niwashe moto.

Mtoto wako,
Clarisse